Mnauliza, najibu: kula Uturuki bila kupotea njia

Mwezi uliopita nilisema hapa, kwa kupitia tu, kwamba maharage matamu kuliko yote niliyowahi kula niliyakuta Istanbul. Sikujua nimechokoza nyuki. Waliokasirika nimeshawajibu pembeni. Waliouliza nawajibu leo. Ila kabla ya yote, shikeni herufi tatu: kwa Kituruki ç husomwa "ch", ş ni "sh", na c ni "j". Basi çay ni chai ileile, na lahmacun hutamkwa lahmajun. Ukishajua hayo, ubao wa bei mlangoni haukutishi tena.

Naenda Laleli, mtaa wa maduka ya nguo Istanbul, kufunga mzigo wa nguo, siku tisa, mara yangu ya kwanza. Wenzangu wa Kariakoo wanasema kule ni mkate na kababu toka asubuhi hadi usiku. Mimi bila wali sijala. Nitaishije? (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Wenzako wanakula pale wanapojikwaa. Laleli imejaa döner, ile nyama inayochomwa ikizunguka na kutiwa kwenye mkate, kwa sababu mnunuzi mwenye mifuko mikono yote miwili hana muda wa kukaa. Lakini mwenye duka anayekuuzia hizo jinzi hali döner kila siku. Saa sita ikigonga anakwenda esnaf lokantası, yaani mgahawa wa wachuuzi na mafundi, na wewe mfuate hukohuko.

Utaujua kwa dirisha lake: masinia ya chuma yamepangwa, yanafuka mvuke, na nyuma yake amesimama mpishi mwenye upawa. Lugha haihitajiki. Unanyoosha kidole. Cha kwanza kukinyooshea ni kuru fasulye, maharage meupe yaliyochemka taratibu kwa vitunguu, nyanya na siagi, wakati mwingine na vipande vya nyama. Yanaletwa na pilav. Ndiyo, wali maharage, wala Waturuki hawaoni haya kukiita chakula chao cha taifa. Tahadhari moja tu: pilav si pilau. Hakuna bizari wala iliki ndani yake, ni mchele uliokaangwa kwa siagi kabla ya kutiwa maji, mara nyingi na chembe za tambi zilizogeuka kahawia. Ukiutarajia wa Zanzibar utanung'unika. Ukiuonja kama ulivyo utaongeza sahani.

Masinia mengine utayatambua kwa majina. Bamya ni bamia. Kıyma ni kima, na karnıyarık ni biringanya lililopasuliwa tumboni likajazwa hiyo kima. Mkate unaletwa bila kuuomba. Mpishi mwite "usta", maana yake fundi, uone upawa unavyozama zaidi. Wahi kabla ya saa saba na nusu. Baadaye unabakiziwa kilichoachwa.

Na asubuhi? Kuna çorba. Watu wa visiwani mnaita shurba, ni neno moja limetembea. Ya adesi, mercimek çorbası, ipo kila mahali; ikamulie limau. Lakini wewe wa Kariakoo naona utataka kelle paça, supu ya kichwa na kongoro za kondoo, inayokolezwa kwa kitunguu saumu na siki. Au işkembe, utumbo. Nilipoionja mara ya kwanza nilitafuta ndimu na pilipili mezani kwa mazoea, nikakuta siki. Nimeizoea. Migahawa mingi ya supu hizi hukesha, kwa hiyo hata ukifunga mzigo usiku wa manane hulali njaa.

Nina saa kumi na mbili Istanbul kati ya ndege na ndege, na viza ninayo. Nataka vya mtaani tu, sitaki hoteli. Nianzie wapi? (Msafiri, Mombasa)

Uwanja uko mbali na mji. Tenga zaidi ya saa moja kwenda, vivyo hivyo kurudi, na nyingine za ukaguzi. Unabaki na saa sita hivi, zinatosha.

Shukia Eminönü, kwenye gati la vivuko katikati ya mji. Nunua simit kwenye kigari: ni mkate wa duara, umechovywa kwenye maji ya asali ya zabibu, ukagaragazwa kwenye ufuta, ukaokwa. Kama ni wa asubuhi hiyo, utasikia ukivunjika. Kando ya Daraja la Galata wanauza balık ekmek, samaki wa kukaanga ndani ya mkate, na kitunguu na majani ya saladi. Wengi hudhani samaki huyo ametoka kwa wale wavuvi waliojipanga juu ya daraja. Hapana. Kwa sehemu kubwa ni wa jamii ya vibua na amekuja ameganda kutoka Norwei. Ni mtamu hata hivyo, ila tafuna polepole, miba ipo. Pembeni watakuuzia glasi ya maji ya achari, mekundu, makali. Watoto wa Mombasa mlionyonya achari za maembe hamtaona ajabu.

Kisha panda kivuko cha Kadıköy, upande wa Asia. Ni dakika ishirini hivi, unakunywa chai sitahani huku shakwe wakikudai simit yako. Ukishuka, ingia sokoni. Hapo utakutana na midye dolma: kome waliojazwa wali wenye mdalasini na zabibu ndogo kavu. Huli kwa sahani. Unasimama, muuzaji anamfungua mmoja, anamkamulia limau, anakupa, unakula kwa gamba lake. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Hatasimama mpaka useme "tamam", yaani basi, halafu anahesabu magamba na kukutajia hesabu. Nilidhani nimekula sita, nikalipia kumi na tisa. Nunua penye foleni. Sinia lililoketi juani peke yake lipite kama hukuliona.

Nafasi ikibaki, tafuta kokoreç: utumbo wa mwanakondoo uliosokotwa kwenye mshikaki mrefu, ukachomwa, ukakatwakatwa kwa kisu na viungo, ukatiwa kwenye mkate. Harufu yake itakuongoza. Mahindi ya kuchoma nayo utayakuta, na jina lake litakuchekesha: wanayaita mısır, kama wanavyoiita nchi ya Misri. Kuhusu kumpir, kile kiazi kikubwa cha mtaa wa Ortaköy kilichopakiwa soseji, mahindi, mayonesi na kila kilichokuwa jikoni, mimi sisafiri kwa ajili yake.

Kila kitu ni halali kule? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Nyama za mitaani, kwa kawaida ndiyo. Nguruwe ni adimu na hauzwi kwa kificho. Pombe ipo, na sehemu iliyoandikwa meyhane ni ya kunywea.

Kuna mambo mawili madogo. Boza, kinywaji kizito cha nafaka kilichochachuliwa, kina ulevi kidogo sana. Kwa sura na uchachu ni ndugu wa togwa, hunywewa majira ya baridi kwa mdalasini na dengu za kukaanga, na duka moja la mtaa wa Vefa limekuwa likikiuza tangu 1876. Jambo la pili ni wale kome. Waturuki wengi ni Hanafi, na kwa madhehebu hayo viumbe vya bahari visivyo samaki havikubaliki. Wengi wanavila hivyohivyo. Pwani yetu ni ya Shafii, ambako vya baharini vina ruhusa. Kwa hiyo wewe, mama, una udhuru kuliko mwenyeji.

Tofauti ya döner na shawarma ni ipi? Na Adana kebap ni nini hasa? (Mwanafunzi, Nairobi)

Shawarma ni mtoto wa döner. Hata jina limetoka kwenye neno la Kituruki çevirme, kugeuza, na döner lenyewe ni "kinachozunguka". Ila döner ya kwao haina mchuzi wa vitunguu saumu wala michirizi ya mayonesi. Ni nyama, mkate, nyanya, kitunguu, basi. Wenye tamaa huenda kwenye İskender ya Bursa: döner juu ya vipande vya mkate, mchuzi wa nyanya, mtindi pembeni, halafu mtu anakuja na sufuria na kukumwagia siagi ya moto mezani.

Adana ni kitu kingine. Nyama ya kondoo na mafuta ya mkia wake hukatwakatwa kwa kisu kikubwa cha upinde kiitwacho zırh, haisagwi kwa mashine, ikapakwa kwenye chuma kipana na kuchomwa kwa mkaa. Adana ina pilipili, ndugu yake Urfa kebap haina. Hiyo pilipili nayo isikutishe: aliyekulia na pilipili mbuzi ataiona ya heshima tu. Kinywaji chake ni şalgam, maji ya karoti nyeusi yaliyochachuka, yenye chumvi. Glasi ya kwanza nilikunja uso. Ya tatu niliiagiza mwenyewe.

Chai ya maziwa nitapata? (Mstaafu, Bukoba)

Hapana, mzee wangu. Ukiomba watakutazama kama umeomba chumvi kwenye soda. Chai yao inatoka Rize, ukanda wa Bahari Nyeusi, na hupikwa kwa birika mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ina rangi nzito, ya chini maji ya moto. Ukitaka nyepesi sema "açık", tamka achik. Inaletwa kwenye kiglasi chenye kiuno, na sukari ya vidonge. Ukikaa dukani kujadili bei, utaletewa bila kuuliza, na haikufungi kununua.

Kahawa unaiagiza pamoja na sukari yake, kwa kuwa hupikwa nayo: "sade" haina, "orta" ya kiasi, "şekerli" tamu. Machicha hubaki chini, usiyanywe. Desturi hiyo ya kahawa iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013.

Sili nyama. (Msomaji, Arusha)

Utakula vizuri. Tafuta neno zeytinyağlı: mboga zilizopikwa kwa mafuta ya zeituni na kuliwa zikiwa baridi. Mtaani kuna çiğ köfte, ambayo zamani ilikuwa nyama mbichi, ila ya dukani leo ni ngano iliyovunjwa, nyanya na pilipili. Kwa maharage na supu uliza "etsiz?", bila nyama.

Nileteeni mawazo ya zawadi tamu. (Bibi harusi mtarajiwa, Morogoro)

Baklava ya Gaziantep, kitamu cha tabaka nyembamba za unga, pistashio na shira, iliyosajiliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2013 kwa jina la mji huo. Ibonyeze kwa uma: nzuri hulia. Iwe na harufu ya siagi na pistashio, na kijani chake kisiwe cha kung'aa kama rangi ya ukuta. Usiiweke kwenye friji, sukari hugeuka chenga. Kwa safari omba "kuru baklava", yenye shira kidogo. Lokum, vile vipande laini vya peremende vilivyonyunyiziwa sukari, huvumilia zaidi, ila hainusuriki mikononi mwa mashemeji.

Bakshishi hutolewa? (Dereva, Kigali)

Neno ni lao pia, bahşiş. Mgahawani asilimia kumi inatosha. Kwenye kigari cha simit, hakuna.

Muuza aiskrimu alimchezea mwanangu mpaka akalia. Ni dharau? (Baba, Zanzibar)

Si dharau, ndiyo biashara yenyewe. Dondurma, yaani aiskrimu, ya mji wa Maraş ina unga wa mizizi ya okidi uitwao salep, ndiyo maana inanata na kuvutika kama ulimbo, na muuzaji huibeba kwa fimbo ndefu akiigeuza juu chini. Hukupa koni, koni inapaa. Siri ni moja: mtoto asishike koni ya juu anayooneshwa, angojee ile ya chini, na aikamate kwa mikono miwili. Wangu alijaribu mwaka jana. Muuzaji alicheka, akamwongezea kijiko.