Dekali kwanza, bawa la juu baadaye

Jumapili iliyopita, baada ya swala ya isha, nilifunga uzi wa mwisho kati ya mabawa ya Gipsy Moth yangu, ndege ndogo ya plastiki ya kuunganisha, nikaizungusha polepole chini ya taa. Herufi zote zimelala. Hakuna hata moja inayometa. Nilikaa pale mpaka mke wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Siumwi. Ndege hii nimeijenga mara tatu ndani ya miaka mitatu, na mara mbili za mwanzo iliharibikia mahali pale pale, kwenye dekali, zile herufi na alama zilizochapwa ambazo unazilowesha majini kisha unazibandika kwenye ndege. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, kijana mmoja wa Kisumu aliponiandikia, "Kaka, dekali za Tiger Moth yangu zimefanya ukungu mweupe, nifanyeje?", sikuweza kumjibu kwa mistari miwili. Namjibu hapa, maana najua mko wengi mnaojenga ndege hizi za mabawa mawili, moja juu ya jingine, na kila mmoja wenu anatamani siku moja mtu aitazame kazi yake asiamini kuwa ni plastiki.

Mimi ni mtoto wa Voi. Tulipokuwa wadogo tulisikia kwa wazee kwamba kuna ndege ilianguka pale zamani za Waingereza. Ukubwani nikasoma habari zake: tarehe 14 Mei 1931, Mwingereza mmoja mwindaji, Denys Finch Hatton, aliruka kutoka Voi na Gipsy Moth yake yenye herufi za usajili G-ABAK. Haikufika mbali. Ilianguka, ikawaka moto, akafa yeye pamoja na mtumishi wake, Kamau. Wengi wanaosimulia ajali ile humtaja Mwingereza, Kamau wakamwacha, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Kwenye Gipsy Moth rubani hukaa kiti cha nyuma, abiria mbele. Kiti kile cha mbele nimekipaka rangi kwa siku mbili nzima, na mkanda wake nimeukata kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara niliyoomba dukani.

Sasa, shida ya ndege za aina hii ni kwamba herufi zake haziko mahali pamoja. Ndege za kiraia za Waingereza wakati ule ziliandikwa ubavuni pande zote mbili, tena juu ya bawa la juu, tena chini ya bawa la chini, herufi kubwa zinazoenea bawa zima. Bawa lenyewe lilikuwa na urefu wa mita 9 na kidogo kutoka ncha hadi ncha. Kwa skeli ya 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, hiyo ni sentimita 12 na nusu hivi, na herufi tano lazima zienee humo kwa mstari ulionyooka. Ikipinda moja, jicho halioni kingine.

Boksi langu lilikuja na herufi za ndege nyingine. Ikabidi nichapishe zangu. Nilinunua karatasi ya dekali, nikachora herufi kwenye kompyuta, nikaenda saiberi ya jirani. Mwenye mashine alikataa kuiingiza, akaogopa itayeyuka ndani. Nilimbembeleza siku tatu, mpaka nikamwahidi kulipia mashine ikiharibika. Haikuharibika. Nilichagua kupaka ndege rangi ya njano na herufi nyeusi kwa sababu mashine hizi za kawaida hazina wino mweupe. Ukitaka herufi nyeupe utafute karatasi ya dekali iliyo nyeupe au upake kwa mkono. Na ukichapisha kwa mashine ya wino wa maji, pulizia vanishi ya kung'aa juu ya karatasi mara mbili tatu kabla haijagusa maji, la sivyo wino wote utabaki bakulini. Mimi yangu ilikuwa mashine ya leza, lakini vanishi nilipulizia vilevile, maana unga wake hubanduka karatasi ikikunjwa.

Ndege ya kwanza niliijenga kama nilivyozoea kujenga ndege za kivita za bawa moja. Nikaunganisha kila kitu, nguzo zikasimama, bawa la juu likakaa, nikapaka njano isiyong'aa, kisha ndiyo nikatoa dekali. Hebu jaribu kuingiza kibano chini ya bawa la juu ili ufike ubavuni penye nguzo nne! Herufi za ubavu nilizipachika kwa ncha ya sindano, nikishikilia pumzi. Zilipokauka zikatoa ukungu ule ule wa kijana wa Kisumu. Nikajiambia hautaonekana.

Nikaipeleka kwenye maonyesho Nairobi, usiku kucha ndani ya basi, boksi mapajani. Jaji alifika mezani pangu, akainama, akagusa bawa kwa kitako cha kalamu. "Hii ni stika tu," akasema, akaenda meza ya pili. Maneno manne, jamani, kwa kazi ya miezi minane. Hakuuliza G-ABAK ni nini, hakuuliza nimetoka wapi. Nilirudi Mombasa usiku ule ule bila kungoja washindi watangazwe.

Lakini kuhusu dekali alisema kweli, na nimeikubali. Ukungu ule si uchafu, ni hewa. Rangi isiyong'aa, ukiiangalia kwa kioo cha kukuzia, ina vishimo vingi kama ukuta wa matumbawe. Dekali ni ngozi nyembamba ya plastiki. Ikilala juu ya vishimo vile, hewa inabaki chini, na mwanga ukipiga hewa ile unaona ukungu wa fedha. Hakuna dawa ya uhakika ya kuuficha baadaye. Dawa ni kabla: vanishi ya kung'aa, tabaka mbili au tatu nyembamba, uso uwe laini kama kigae cha msalani. Ukishamaliza dekali ndiyo unapulizia vanishi ya kufifisha juu ya vyote, mng'ao unaondoka.

Na ngoja ikauke. Siyo ikauke mkononi, ikauke kweli, siku mbili. Sisi wa pwani tuna unyevu hewani. Vanishi ya thina kali ukiipulizia alfajiri au mvua inaponyemelea inageuka maziwa. Mimi nangoja jua la saa saba mchana, madirisha wazi.

Ndege ya pili nilifuata yote hayo. Herufi nne zikakaa kama zimeandikwa na malaika. Ikabaki K.

Nieleze ilivyokuwa, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaanguka. Nina chupa mbili za dawa, Micro Set yenye lebo ya bluu na Micro Sol yenye lebo nyekundu. Ya bluu ni pole, unaipaka chini kabla ya dekali ili ishike. Ya nyekundu ni kali, unaipaka juu, inalainisha ile ngozi mpaka inashuka kwenye kila mfereji na kila ubavu wa bawa. Bawa la Gipsy Moth lilikuwa la kitambaa juu ya mbavu za mbao, na watengenezaji wa plastiki wameziinua mbavu zile, kwa hiyo dekali bila dawa inakaa juu yake kama turubai juu ya fito. Nikapaka ya nyekundu juu ya K. Baada ya dakika mbili ikaanza kukunjamana. Mguu wa K ukajikunja kama jani la mgomba motoni. Moyo ukaniruka. Nikachukua brashi, nikaugusa kuunyosha. Mguu ukatoka na brashi.

Kumbe kukunjamana ndiyo kazi ya dawa ile. Ingejinyoosha yenyewe ikikauka. Ningekwenda kunywa chai, ningerudi nikakuta K imelala. Haraka yangu ndiyo iliyoikata. Vijana wangu, haraka inatunyang'anya vitu vingi kuliko wezi. Ukishapaka dawa kali, ondoka mezani. Toka nje kabisa. Usiguse.

Ndege ya tatu nimeibadilisha mpangilio tangu mwanzo, na hili ndilo ninalotaka kila mjenzi wa ndege za mabawa mawili alishike: dekali kwanza, bawa la juu baadaye. Kiwiliwili na bawa la chini vilipakwa, vikavanishiwa, vikapata herufi zake. Bawa la juu lilikuwa peke yake, limebanwa kwenye kibanio cha nguo, nalo likapata zake. Vyote vikakauka, vikafifishwa. Ndipo nguzo zikaingia, ndipo mabawa yakakutana, na nyuzi mwisho kabisa. Matundu ya nyuzi nilikuwa nimeyatoboa mapema. Dekali iliyofunika tundu niliitoboa kwa sindano ikiwa imekauka kabisa.

Chini ya bawa la chini kuna mtego. Kwenye Gipsy Moth eleroni, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyopanda na kushuka, ziko bawa la chini tu, kwa hiyo herufi za huko zinavuka ufa wa eleroni. Usiiache dekali ikavuka kama daraja. Ikishakauka, ikate kwa wembe mpya kufuata ufa ule, kisha tone la dawa nyekundu, kingo zinashuka zenyewe.

Jambo la maji nalo mlizingatie. Kisima chetu kina chumvi, na tone likikauka pembeni ya herufi linaacha duara jeupe. Mimi natumia maji safi ya kuongezea kwenye betri ya gari, yale yanayouzwa kituo cha mafuta. Soma chupa vizuri, usije ukachukua asidi. Dekali inakaa majini nusu dakika, kisha naiweka juu ya tishu ingoje yenyewe ilegee. Ukiiacha ikaelea, gundi yake inabaki majini. Na kama umechapisha mwenyewe, kumbuka karatasi nzima ni ngozi ile ya plastiki. Usipokata karibu na herufi, umebandika mraba.

Mdogo wangu wa Kisumu, kwa zilizokwisha kuharibika: kama juu hujapulizia vanishi, toboa viputo kwa sindano nyembamba, paka dawa nyekundu, ngoja, rudia kesho. Ikigoma mara tatu, bandika selotepu juu ya dekali, uivute itoke, upake vanishi ya kung'aa uanze upya. Najua inauma. Anza upya tu.

Bado nina seti mbili za G-ABAK kwenye karatasi ya saiberi. Herufi hizo si za ndege yako, lakini utazifanyia mazoezi kwenye bawa bovu kabla hujagusa zako. Moja nimeshaikata, nimeiweka katikati ya daftari isikunjike. Nitumie jina la stendi utakapoipokea, nitaipakia kwenye basi la Alhamisi.