Mbona Sufuria Iliyotoboka Ina Bei Kuliko Chuma?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hununua vyuma chakavu hapa Tanga na kuviuza kwa wenye matanuri. Kilo ya sufuria zilizotoboka ina bei kubwa kuliko kilo ya chuma, ilhali alumini ni laini na nasikia imejaa tele ardhini. Je, ni hila za madalali? Tena, ni kweli kwamba kazi yetu huhifadhi mazingira? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Madalali wana yao, lakini kwa hili tusiwasingizie. Ni kweli alumini imejaa ardhini hata kukishinda chuma, ila imeshikamana na oksijeni kwa nguvu ambayo moto wa makaa, unaotosha kutenga chuma, hauwezi kuivunja. Ili kupata tani moja huchimbwa takriban tani nne za boksiti, yaani mawe yenye alumini, zikachemshwa kwa kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, hadi zibaki tani mbili hivi za unga mweupe, na unga huo ukapitishiwa umeme wa yapata kilowati-saa 14,000. Pembeni hubaki tope jekundu lenye kuunguza ngozi. Mwaka 2010 bwawa la tope hilo lilibomoka Ajka, nchini Hungaria, na watu kumi wakafa.

Sufuria yako imekwisha kulipiwa gharama hiyo yote. Kuiyeyusha upya, kwa nyuzijoto 660 tu, kunahitaji karibu asilimia 5 ya nishati ya mwanzo, na ndiyo maana fundi wa uchochoroni huimudu kwa mkaa na kipulizio. Anayekununulia sufuria, kwa hakika, ananunua umeme.

Kuhusu mazingira, jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa kila namna ya kuifanya kazi hiyo. Wanaochoma nyaya ili wapate shaba huvuta, pamoja na majirani zao, moshi wenye sumu wa plastiki, na shaba iliyoungua hupungua thamani. Kuzimenya kwa kisu huchosha mikono lakini hulipa zaidi.

Hatari kubwa kupita zote ni madini ya risasi yaliyomo katika betri za magari. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani kwa makazi ya watu, na sumu ya risasi ikaingia katika damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya mivutano ya rufaa Mahakama ya Juu ikauunga mkono uamuzi huo mwaka 2024. Bei ya kilo ya risasi haikuwahi kuwa na gharama hiyo ndani yake.

Kwa hiyo, Ndugu, betri usiipasue wala usimwage tindikali yake mtaroni ili ipungue uzito wa kubeba. Iuze ikiwa nzima.