Weka waya kwanza, ruta ya antena sita itasubiri

Juzi kijana mmoja wa Muheza ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimejikusanyia laki tatu, ninunue ruta gani ya gemu ili tucheze watu sita nyumbani bila kugandaganda?" Marahaba, dogo. Kuweka akiba nakupongeza. Swali lenyewe nimelijibu mpaka nimechoka, basi leo naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Hiyo laki tatu usiende kuimwaga kwenye ruta. Nunua waya na swichi. Swichi ninayosema si ile ya kuwashia taa, ni kile kisanduku chenye matundu manane ya kuchomekea nyaya za kompyuta, na hakikisha kimeandikwa gigabit, yaani kinapitisha gigabiti 1 kwa sekunde.

Idi pili iliyopita tulikuwa wanane sebuleni kwa mama, hapa Ngamiani, Tanga, tunapigana Counter-Strike 1.6, ile gemu ya zamani ya kurushiana risasi, kuanzia baada ya isha. Bando likakata usiku wa manane. Hakuna aliyejua mpaka mpwa wangu alipofungua WhatsApp kumtambia mtu. Ukipima ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, kutoka kompyuta moja hadi nyingine jibu linakuja chini ya milisekunde 1, na hapo hatujamlipa mtu yeyote wa intaneti hata shilingi. Najisifu, ndiyo, kwa sababu kuna watu wa mji huu huu walinicheka nilipokuwa natoboa kuta. "Nyaya zama hizi? Huyu wa kale." Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ya nchi ikawa inasuasua, hao hao walibisha hodi wamebeba laptop kwapani. Niliwafungulia. Sikusema neno, lakini sijasahau.

Sababu yenyewe haina uchawi. Ukicheza kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mechi, iliyoko Johannesburg, risasi yako inasafiri zaidi ya kilomita 2,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mwanga ndani ya nyaya zile unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata mambo yote yakinyooka huwezi kushuka chini ya milisekunde 20, na mambo hayanyooki. Seva ikiwa chumba cha pili, hesabu hiyo haipo. Gemu yenyewe wala haili data nyingi, mara nyingi haifiki hata megabiti 1 kwa sekunde. Mnalipia kasi kubwa kutibu ugonjwa ambao si wa kasi.

Waifai nayo ni ya kupokezana: akisema mmoja kwenye chaneli, wengine wote wanasubiri zamu. Ongeza ruta za majirani. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, na mitaa yetu ya Ngamiani nyumba zimebanana, kila moja na ruta yake. Antena sita hazikuongezei chaneli ya nne.

Sasa waya. Hapa ndipo nilipoumizwa. Fundi mmoja, jina naliacha, aliniuzia boksi zima akiapa ni shaba tupu. Mechi zikawa zinakatika kila jua likiwa kali. Nikachukua wembe, nikakwangua uzi mmoja: juu rangi ya shaba, ndani mweupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba! Tangu siku hiyo sinunui waya bila wembe mfukoni, na muuzaji akikataa nikwangue naondoka. Waya wa daraja la Cat5e wa shaba unatosha kabisa, unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na sijui nyumba gani Tanga inayohitaji zaidi ya hapo.

Vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya kwenye ncha za waya, jifunze kubana mwenyewe. Kutoka kushoto, kichwa kikiwa kimekupa mgongo, yaani upande wa kuingizia waya, na ulimi wake upo chini: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Mpangilio huo huo ncha zote mbili. Usifumue misokoto zaidi ya sentimita moja na kidogo, maana misokoto ndiyo inayozuia nyuzi zisiingiliane. Na kwa sisi wa pwani, tundu lisilotumika lizibe. Hewa yetu ya chumvi inashika vile visahani vya shaba mpaka vinaota kijani.

Kuna kijana wa Makorora nilimfundisha hayo yote bure, sebuleni pale pale, akila ubwabwa wa mama. Leo anafunga nyaya za watu kwa pesa nzuri na anasimulia kwamba alijifunza mwenyewe. Sina kinyongo. Ila angalau angesema.

Kisa kimoja kiwaokoe. Mchana mmoja kila kitu kilisimama kwa mpigo, taa zote za swichi zinapepesa pamoja bila kupumzika. Nikazima ruta, nikawasha, nikabadilisha waya, wapi! Kumbe mtoto wa dada kaona ncha ya waya inaning'inia, kwa nidhamu yake akaichomeka kwenye tundu lililo wazi, na ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi ile ile. Data inazunguka humo humo inajizidisha mpaka mtandao unakufa. Mkiona taa zinapepesa namna hiyo, tafuteni waya wa namna hiyo kabla ya kumwita fundi.

Kwenye Windows mambo ni machache. Mtandao uwekwe kuwa wa binafsi, usiwe wa umma, la sivyo kompyuta zinafichana. Fayawoli, yaani mlinzi wa kuzuia miunganisho, msiizime, iruhusuni gemu ipite. Kompyuta iliyobeba seva ipeni anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10, wengine wanaandika connect na anwani hiyo kwenye konsoli, yaani dirisha la kuandikia amri ndani ya gemu. Mlango wa Counter-Strike, yaani namba ya njia inayopitia data yake, ni 27015.

Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, tangu 2023 inaruhusu kompyuta moja kuipa nyingine gemu ndani ya nyumba. Mmoja anapakua, wengine wananakili kwake. Gemu ya GB 30 kwenye swichi ya zamani ya megabiti 100 inachukua dakika 40 hata mambo yakienda vizuri. Ya gigabit, dakika chache kama diski yako si kongwe. Hapo bando lako linapumua.

Ila angalieni gemu yenyewe kabla ya kununua hata mita moja. Valorant, Fortnite na League of Legends zote zinakulazimisha kwenda kwenye seva za wenyewe, na hapo waya wangu utakusaidia njia ya ndani tu. Vijana wengi hawataki kusikia hili. Wanataka gemu ya mwaka huu, kompyuta ya mkopo, wakikwama wanalaumu ruta. Jamani, tulieni! Gemu ya zamani mnayocheza wanane mkitukanana uso kwa uso ina raha kuliko mpya inayokugandia peke yako chumbani.

Na umeme. Ruta na swichi ziwekeeni betri ndogo, zinakula wati chache tu, wenye laptop waendelee. Kompyuta sita zenye kadi ya picha, tuseme wati 250 kila moja, kwa saa sita ni uniti 9. Anayelipa ni mama, na mama hachezi. Kwetu kila mchezaji anakuja na tokeni yake ya LUKU, asiye nayo anakaa mkekani anatazama.