Tiketi za vipindi vya televisheni New York: tarehe ya kipindi itangulie tiketi ya ndege

Dada yangu, umeeleza kwamba wewe na binti yako wa miaka 17 mnatarajia kufika New York Alhamisi jioni na kuondoka Jumanne asubuhi, kwamba mngependa kuhudhuria walau kipindi kimoja cha televisheni kinaporekodiwa, na kwamba hujui kama usafiri wa umma utawatosha. Nimekwenda huko mara tatu na nimekaa kwenye foleni za studio mara nne, moja kati ya hizo bila kufanikiwa kuingia. Kama tiketi ya ndege bado hujalipia, nakusihi uisimamishe kwanza usome haya.

Vipindi vya mahojiano vya usiku kwa kawaida hurekodiwa kati ya Jumatatu na Alhamisi. The Tonight Show ya Jimmy Fallon, kwa mfano, huonekana kwenye televisheni saa 5:35 usiku, lakini watazamaji wa studioni huwa wameketi tangu yapata saa 11 jioni ya siku hiyo. Kwa ratiba uliyoiandika, ninyi mna Jumatatu moja tu, na ikiwa wiki hiyo kipindi kimo mapumzikoni, kama inavyotokea wakati wa Krismasi na mara kadhaa nyingine kwa mwaka, mtarudi nyumbani bila kitu. Mkifika Jumapili na kuondoka Ijumaa, kwa idadi ileile ya siku, mtakuwa na siku nne za kujaribu badala ya moja.

Umri nao uuangalie mapema. The Tonight Show, Late Night ya Seth Meyers na kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live hupokea watu kuanzia miaka 16, kwa hiyo binti yako hana tatizo, ila abebe pasi yake ya kusafiria. The Daily Show huhitaji miaka 18, na hapo hatapita hata akifika na tiketi mkononi.

Tiketi hizi ni za bure. Nyingi hutolewa mtandaoni, kupitia tovuti ya 1iota au tovuti ya kipindi chenyewe, kwa jina la mwombaji ambalo hulinganishwa na kitambulisho mlangoni, kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kukuuzia tiketi ya kipindi umwepuke. Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba waandaaji hutoa tiketi nyingi kuliko viti vilivyopo, kwa sababu wanajua kuwa watu wengi hupata kitu cha bure kisha wasitokee, na studio yenye viti vitupu huonekana vibaya kwenye kamera. Kwa hiyo tiketi inakupa haki ya kusimama kwenye foleni, na kiti hupewa aliyewahi. Hapa ndipo suala la tiketi na suala la treni yanapokuwa suala moja, na mimi nililipuuza.

Siku ile niliyokosa kuingia nilikuwa nimefikia Harlem, kaskazini mwa Manhattan, na studio niliyokuwa nakwenda ilikuwa umbali mfupi kutoka kituo cha 50 Street cha treni ya chini ya ardhi namba 1. Nilikuwa nimehesabu muda wangu vizuri, nikaingia treni namba 2 kwa sababu kwenye ramani inapita njia ileile nyekundu, nikakaa nikiwa nimetulia kabisa. Baada ya 72 Street niliona vigae vya ukutani vyenye jina la kituo changu vikipita dirishani kwa kasi bila treni kupunguza mwendo, nikashushwa Times Square katikati ya umati, nikatafuta mlango wa kutokea kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inawezekana, kisha nikapanda Broadway kwa miguu. Nilichelewa yapata dakika 25. Watu waliokuwa mbele yangu kidogo waliingia, na mfanyakazi wa mlangoni, kwa upole kabisa, akatuambia sisi tuliobaki kwamba viti vimejaa. Niliumia, kwa kuwa nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa wiki tano.

Kwa hiyo elewa tofauti hii kabla ya kitu kingine chochote: katika njia nyingi za Manhattan kuna treni inayosimama kila kituo na nyingine ya haraka inayoruka vituo, na zote huweza kuwa na rangi moja kwenye ramani. Namba 1 husimama 50 Street, wakati 2 na 3 mchana huruka. Upande wa Eighth Avenue, C na E husimama 50 Street, na A huruka. Usisome rangi, soma namba au herufi, kisha thibitisha kituo chako kama kimo kwenye orodha ya vituo vya treni hiyo kwa saa ile unayosafiri.

Jumamosi na Jumapili mambo hubadilika tena. Studio za NBC, televisheni inayorusha The Tonight Show, Late Night na Saturday Night Live, zimo jengo la 30 Rockefeller Plaza, na kituo chake, 47–50 Streets–Rockefeller Center, siku za kazi huhudumiwa na B, D, F na M. Mwisho wa juma B haitembei kabisa na M haifiki sehemu hiyo ya mji, hivyo mnabaki na D na F. Zaidi ya hapo, matengenezo ya reli hufanywa sana siku hizo, kwa hiyo angalieni matangazo ya MTA, mamlaka inayoendesha treni na mabasi ya mji, usiku wa kuamkia safari yenu na tena asubuhi.

Naitaja Jumamosi kwa sababu ya Saturday Night Live, inayotoka moja kwa moja saa 5:30 usiku kutoka Studio 8H na ambayo imekuwa hewani tangu 11 Oktoba 1975. Tiketi zake za kawaida hupatikana kwa bahati nasibu: maombi hupokelewa kwa barua pepe mwezi Agosti tu, na tarehe wanakuchagulia wao. Njia ya pili ni nafasi za kusubiri, ambazo hufunguliwa mtandaoni Alhamisi saa 4 asubuhi ya New York kwa onyesho la wiki hiyohiyo, nawe huchagua kati ya mazoezi ya mwisho ya saa 2 usiku na onyesho lenyewe. Aliye Afrika Mashariki akumbuke kuwa hiyo saa 4 asubuhi kwake ni saa 11 jioni wakati wa majira ya joto ya Marekani, na saa 12 jioni wakati wa baridi. Baada ya hapo mnapanga foleni usiku wa kuamkia Jumamosi kuchukua kadi za kusubiri, mnarudi tena jioni, na bado mnaweza kukosa. Kwa safari ya siku tano mimi nisingeitegemea, lakini kama binti yako anaipenda sana, chagueni mazoezi, maana wengi hung'ang'ania onyesho lenyewe.

Kuhusu nauli, usafiri wa umma utawatosha na teksi hamtaihitaji. Tangu 4 Januari 2026 nauli ya treni na ya basi la kawaida ni dola 3, na unagusisha kadi ya benki au simu kwenye geti. Ukishalipa dola 35 ndani ya siku 7, safari zinazofuata ni bure hadi siku hizo ziishe, ila hesabu hiyo hufuata kifaa: ukigusisha kadi leo na simu kesho, hata kama akaunti ni moja, mfumo unawaona watu wawili. Kila mmoja awe na chake na asikibadilishe. Kutoka treni kwenda basi, au kinyume chake, hulipi tena ndani ya saa 2. Kutoka uwanja wa ndege wa JFK, pandeni AirTrain, treni ya uwanja huo yenye nauli yake ya pembeni, hadi kituo cha Jamaica kilichomo New York humohumo, kisha treni E kuelekea Manhattan.

Studioni vaeni vya kujisitiri na baridi hata kukiwa na joto nje, kwani hupoozwa sana kwa ajili ya taa, na msibebe mabegi makubwa. Msijaze kitu kingine chochote jioni ya siku ya kipindi. Na mkibahatika kuingia lile onyesho la Jumamosi, linakwisha saa 7 usiku. Treni hutembea usiku kucha, lakini nyingi za zile za haraka wakati huo husimama kila kituo na husubiriwa muda mrefu, kwa hiyo hesabuni safari ya kurudi hotelini kuwa karibu mara mbili ya ile ya kwenda.