Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha Usalama wa Kemikali?

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi samani hapa Tanga. Kwa miaka mingi nimetumia dawa ya kubandua rangi ya zamani kwenye milango na viti, na mara mbili nimeshikwa na kizunguzungu hadi nikalazimika kutoka nje. Mwanangu amesoma kwamba Marekani imeipiga marufuku kemikali iliyomo katika dawa za namna hiyo, baada ya kurekebisha sheria yake mwaka 2016. Je, kabla ya hapo kemikali ziliuzwa huko bila kupimwa?

Fundi, Tanga

JIBU: Ndugu fundi, kwanza pole. Jibu fupi ni kwamba ndiyo, nyingi ziliuzwa hivyo, na kisheria kabisa.

Sheria ya Marekani ya kudhibiti vitu vya sumu ilipitishwa mwaka 1976, na kemikali zipatazo 62,000 zilizokuwa tayari sokoni ziliachwa ziendelee kuuzwa bila mtengenezaji kutakiwa kuonyesha kuwa ni salama. Kemikali mpya ilitolewa taarifa kwa mamlaka ya mazingira, EPA, ambayo ilikuwa na siku 90 za kuipinga. Ikinyamaza, bidhaa inaingia sokoni. Lililo baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba ili EPA iamuru kemikali ipimwe, ilipaswa kwanza kuonyesha kwamba huenda ina hatari, jambo ambalo ni vigumu kulionyesha pasipo vipimo vile vile vinavyoombwa.

Asbesto ndiyo iliyoufichua udhaifu huo mbele ya watu wote. Madhara yake kwa mapafu yalikuwa yanajulikana vizuri, na mwaka 1989 EPA ilitoa amri ya kuondoa sehemu kubwa ya bidhaa zake, lakini mwaka 1991 Mahakama ya Rufaa ya New Orleans iliitengua sehemu kubwa ya amri hiyo kwa sababu mamlaka haikuthibitisha kuwa imechagua njia yenye mzigo mdogo kuliko zote kwa wenye viwanda. Kama asbesto ilishindikana, ni kemikali gani ingewezekana?

Marekebisho ya 2016, yaliyopewa jina la Seneta Frank Lautenberg wa New Jersey aliyefariki mwaka 2013, yaliondoa sharti hilo. Sasa EPA hupima hatari bila kuingiza hesabu ya gharama, ikiwafikiria hasa wajawazito, watoto wachanga, wazee na wafanyakazi. Gharama huangaliwa baadaye, wakati wa kuchagua njia ya udhibiti. Kemikali mpya nayo haiingii sokoni mpaka EPA itoe uamuzi kuihusu.

Hata hivyo kazi kubwa ya kuchunguza kemikali za zamani imebaki kwa serikali, na ndiyo maana mwendo ni wa polepole. Umoja wa Ulaya ulichagua njia nyingine tangu mwaka 2007: anayetengeneza au kuingiza tani moja au zaidi kwa mwaka ndiye anayepaswa kuleta taarifa za usalama, na asipozileta hana soko. Mimi naona hiyo ndiyo haki, kwa kuwa anayepata faida ndiye anayeijua bidhaa yake.

Kemikali aliyoisoma mwanao bila shaka ni methilini kloraidi. Mwaka 2019 Marekani ilizuia dawa za kubandua rangi zenye kemikali hiyo zisiuzwe kwa watumiaji wa nyumbani, lakini mafundi kama wewe waliachwa nje ya kinga hiyo, ingawa miongoni mwa waliokufa walikuwamo mafundi waliokuwa wakibandua rangi ya mabafu. Ilibidi kusubiri hadi 2024 ndipo marufuku ikafikia matumizi mengi ya kazini.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo una mahali pa kuuliza. Mwombe muuzaji karatasi ya taarifa za usalama na utafute humo namba 75-09-2, ambayo ni ya methilini kloraidi kwa jina lolote itakalouzwa. Ukiikuta, usiitumie ndani ya chumba: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama chini unapoinamia kazi, na mwilini huzalisha kaboni monoksaidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa lililofungiwa ndani. Barakoa ya kitambaa haiuzuii.