Barua kwa mwanangu Thomas: mke wa shahidi

Mwanangu Thomas,

Barua yako niliisoma baada ya Misa ya kwanza, jioni nikairudia. Unauliza: Thomas More alikuwa Chansela wa Uingereza, yaani waziri mkubwa wa mfalme, wakati watu sita wanachomwa moto kwa uzushi, sasa Papa Yohane Paulo II alimfanyaje msimamizi wa wanasiasa mwaka 2000? Na sisi tukakupa jina lake kwa nini?

Jina ni rahisi. Ulizaliwa tarehe 22 Juni, sikukuu yake pamoja na Askofu John Fisher, na baba yako akishafungua kalenda ya Kanisa alikuwa hashauriki. Habari ya moto inanitisha. Wapo wanaosema ndiyo iliyokuwa sheria ya enzi ile. Sawa, lakini moto uliunguza vilevile enzi hizo. Niache kwanza hapo, maana mimi nikisikia jina la mtakatifu huyo, anayenijia ni mkewe, Alice.

Mwaka 1534 Mfalme Henry VIII aliwaapisha watu wakubali ndoa yake na Anne Boleyn na warithi watakaotokana nayo. More akakataa kuapa, na sababu hakuitaja. Akafungwa katika Mnara wa London. Alice akaenda kumwona, akamuuliza mtu mwenye akili kama yeye anakubalije kukaa na panya, na nyumba yake ya Chelsea ipo, vitabu vyake vipo, bustani ipo, afanye tu walivyofanya wenzake. More akamuuliza: kwani nyumba hii haiko karibu na mbingu sawasawa na ile?

Wasimuliaji wakifika hapo humcheka Alice. Mimi siwezi kumcheka. Maneno yake yale yale niliyasema jikoni kwangu.

Wewe unakumbuka muhula ule uliorudishwa nyumbani kwa ada. Sababu yenyewe hukuambiwa yote. Baba yako alikuwa mtunza stoo. Lori lilishusha mifuko 120 ya mbolea, hati ikaja imeandikwa 200, akaambiwa atie sahihi tu. Akarudi nyumbani saa nne asubuhi, mfuko wa suruali umebaki na tundu pale funguo za stoo zilipokuwa zikining'inia. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua mchele niliokuwa nimeuweka kwenye ungo. Nikamwambia: "Wanaume wenzako wanasaini, wewe ni nani?" Akaendelea kutoa mawe, moja moja, anayapanga ukingoni mwa ungo. Hakunijibu. Karatasi haisahau, mwanangu, siku zote nawaambia, na kumbe siku ile mimi ndiye niliyetaka tuisahau.

Niliuza vitenge vyangu doti tatu, na cherehani. Alice naye aliuza nguo zake, maana chakula cha mumewe gerezani, pamoja na mtumishi wake, kilikuwa shilingi 15 kila juma, na alipaswa kulipa yeye. Habari hiyo imo kwenye barua aliyomwandikia Thomas Cromwell, waziri wa mfalme. Homilia zote nilizosikia juu ya More, hiyo sijaisikia hata mara moja.

Lakini tena, angeapa ingekuwaje? Margaret, binti ambaye More alimpenda kuliko wote, aliapa, na baba yake hakuacha kumpenda. Tarehe 1 Julai 1535 More alipohukumiwa kufa, Margaret alipenya kati ya askari akamkumbatia njiani, akaondoka, akarudi kumkumbatia mara ya pili. Siku tano baadaye More akakatwa kichwa. Kwa hiyo kuapa si kukosa upendo. Na kukataa nako si kukosa upendo kwa mke, ingawa miaka mingi nilidhani ndivyo.

Wale sita sijawasahau. Kama unataka kauli yangu, ningependa kusema kwamba mtu aliyedai dhamiri yake iachwe huru angewaachia na wao yao. Naona nimeshasema. Basi ulize na padre wako.

Baba yako alipata kibarua cha ulinzi mwaka uliofuata, ukarudi shuleni. Sikumwomba msamaha kwa neno lile la jikoni. Alikuwa akininunulia kitenge kila Krismasi, nami nilikuwa nakipokea tu na kukikunja.

Mama yako