Mikwaruzo na rangi iliyomeguka kwenye gari: pima kina kwanza, ndipo ushike msasa

Mkuu, umesema Toyota yako nyeusi ina matatizo mawili: mlango wa nyuma umekwaruzwa mstari mrefu, na boneti imemeguka rangi sehemu kadhaa kwa kokoto za barabarani. Fundi kakwambia dawa ni kupiga rangi upya mlango mzima na boneti nzima, na wewe unauliza kama kuna unachoweza kufanya mwenyewe nyumbani. Kipo, tena kikubwa. Nimeshughulikia rangi za magari yangu na ya ndugu zangu kwa miaka mingi bila gereji wala kompresa, na kabla sijagusa chochote huwa nataka kujua jambo moja: mkwaruzo umefika tabaka gani. Ukishalijua hilo, kazi iliyobaki ni uvumilivu. Usipolijua, alama ndogo utaigeuza doa ambalo kweli litadai mlango mzima.

Rangi ya gari la kisasa ina matabaka. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, ambalo kiwandani hushikishwa kwa umeme bodi nzima ikiwa imezamishwa kwenye dawa. Hufuata praima, yaani rangi ya msingi inayoishikisha ya juu, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ile angavu inayotoa mng'ao na kuikinga rangi na jua. Ukijumlisha yote, unene wake kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele wa mtu una karibu mikroni 70. Kwa hiyo hicho unachokisugua kwa kompaundi, ile dawa nzito yenye chembe za kusugulia rangi, ni chembamba kuliko unywele, na kila ukisugua unakipunguza. Klia iliyoondoka haioti tena. Ndiyo maana sikubaliani na wanaopiga kompaundi gari zima kila baada ya muda mfupi, na naumia nikiona mtu anaanza na msasa mkali ili amalize haraka.

Sasa namna ya kupima. Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni ya gari, ikauke, kisha dondoshea maji kwenye mkwaruzo. Ukipotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka, umekaa kwenye klia na unatibika kwa kusugua. Halafu pitisha ukucha kwa kuukatisha mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, uko salama. Ukikwama sawasawa, kompaundi haitaumaliza hata usugue hadi kesho. Mwisho angalia rangi ya chini ya mfereji. Weupe hafifu juu ya rangi nyeusi mara nyingi ni klia iliyochanika. Kijivu kizito au rangi nyingine tofauti na ya gari ni praima. Ukiona chuma kinang'aa, au wekundu wa kutu, umefika kwenye bati.

Kuna wakati unachodhani ni mkwaruzo ni rangi ya gari jingine au ya ukuta iliyobaki juu ya mlango wako. Hiyo ijaribu kwanza kwa kompaundi laini kidogo kwenye kitambaa, uone kama inatoka. Usikimbilie tina kali, hasa kama mlango uliwahi kupigwa rangi nje ya kiwanda, maana rangi ya namna hiyo inaweza kulainika na kuvurugika mbele ya macho yako.

Kitu kingine cha kuhakikisha: gari nyingi za zamani, na baadhi ya nyeupe za kawaida, hazina klia kabisa. Chukua kitambaa cheupe chenye kompaundi kidogo usugue mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, unasugua rangi yenyewe, na hapo mkono uwe mwepesi zaidi.

Kwa mkwaruzo uliobaki kwenye klia, fanya kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Weka kompaundi kidogo kwenye sponji au kitambaa cha maikrofaiba, sugua eneo dogo lisilozidi sentimita 30 kila upande, futa, angalia, rudia kama kuna haja. Anza na kompaundi laini, ukipanda kwenye kali pale tu laini imeshindwa. Watu wengi hufanya kinyume.

Kama kompaundi haitoshi lakini ukucha haukwami kwenye mkwaruzo, hapo ndipo msasa wa maji unaingia, namba 2000 au 2500 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), kamwe si 800 au 1000 za fundi wa bodi. Uloweke kwanza kwenye maji yenye tone la sabuni, uufunge kwenye kipande cha sponji ngumu ili vidole visichimbe mabonde, na uupitishe kwa mwelekeo mmoja bila kukandamiza. Angalia uji unaotoka. Kwenye gari lenye klia, uji huo ni mweupe kama maziwa. Ukiona umeanza kugeuka mweusi kwenye gari lako jeusi, simama hapo hapo, klia imekwisha. Fanya mara chache, futa, kagua. Mkwaruzo ukibaki kivuli tu, uache. Kuukimbiza hadi chembe ya mwisho ndiko kunakotoboa. Baada ya hapo pitisha namba 3000 kulainisha, kisha kompaundi, kisha polishi laini ya mwisho. Nyeusi ndiyo rangi isiyosamehe kwenye hatua hii: ukungu mdogo tu wa kusugua unaonekana juani. Mimi hukagua kwa tochi, nikiishika kwa pembe karibu na bati, si kwa mwanga wa kawaida wa mchana.

Kingo za mlango na mikunjo ya bodi zifunike na tepu ya karatasi kabla hujaanza. Pale rangi huwa nyembamba, na nguvu yote ya mkono hukusanyika kwenye mstari mmoja. Kwenye uso tambarare unaweza kusugua na usione madhara, lakini ukingoni mara chache tu zinatosha kufika kwenye praima. Kama utatumia mashine, chukua ile ambayo kichwa chake kinazunguka na kuyumba kwa pamoja. Ile ya mzunguko mmoja tu wa kasi inapasha rangi moto haraka, na asiyeizoea ataunguza.

Dawa ya meno, mafuta ya kulainishia vyuma, rangi ya viatu: achana navyo. Dawa ya meno ina chembe za kusugua, kwa hiyo alama nyepesi kabisa inaweza kufifia, ila kompaundi ya gari inafanya hivyo vizuri zaidi na kwa usawa. Hivyo vingine vinajaza mfereji kwa muda, na ukiosha gari alama inarudi.

Tuje kwenye boneti, na hapa ningekuomba usichelewe. Mkwaruzo wa klia ni suala la sura. Rangi iliyomeguka hadi kwenye bati ni suala la kutu, na kutu haikai ilipoanzia; inatambaa chini ya rangi nzima iliyo pembeni na kuiinua. Tundu dogo la kokoto ukiliacha kwenye unyevu, baadaye unakuta lina pete ya rangi iliyovimba. Ukibonyeza pete hiyo kwa ukucha inabanduka.

Kwanza tafuta namba ya rangi ya gari lako, usinunue kwa kukisia. Kwenye Toyota iko kwenye kibandiko au kibati kwenye fremu ya mlango wa dereva, au ndani ya boneti, kwenye mstari ulioandikwa C/TR. Herufi au tarakimu za kwanza ni rangi ya nje, zinazofuata ni za ndani. Ukikuta 202, hiyo ni nyeusi ya kawaida, na una bahati kwa sababu haina chembe za kung'aa. Mwenye 1F7, silva, ana kazi ngumu zaidi: chembe za alumini hulala tofauti kwenye brashi na kwenye bunduki ya kupulizia, kwa hiyo tone lake litaonekana jeusi au jeupe kidogo kulingana na upande unaosimama. Na mwenye 070, ile nyeupe ya lulu, anahitaji rangi mbili, ya chini kisha ya lulu, halafu ndiyo klia. Akiweka moja tu haitalingana kamwe.

Safisha tundu kwa shampuu ya gari, kisha kwa spiriti, kuondoa nta na mafuta. Nta iliyotumika kwenye gari mara nyingi ina silikoni, na rangi mpya ikiikuta inakimbia na kuacha vitobo. Kama kuna kutu, ikwangue. Mimi hukata kipande kidogo sana cha msasa, nakigandisha kwenye ncha butu ya penseli, nakizungusha ndani ya tundu hadi nione chuma safi. Kutu iliyojificha kwenye vitobo ipakwe dawa ya kugeuza kutu, uiache ikauke kama maelekezo yake yanavyosema. Rangi ya pembeni iliyolegea iondoe yote, hata kama tundu litaongezeka ukubwa. Rangi mpya ikishikamana na kitu kilicholegea, vitabanduka pamoja.

Kisha praima, ndani ya tundu tu, na kidogo. Ikishakauka ndiyo rangi. Brashi inayokuja ndani ya kichupa ni nene mno kwa tundu la kokoto. Tumia kijiti cha meno kilichochongwa vizuri au brashi nyembamba ya mchoraji. Tikisa kichupa sana, chovya ncha, iguse katikati ya tundu, na uache tone lijisambaze lenyewe hadi kingoni. Usipake kama unayepaka ukuta. Utaona tone limejaa vizuri, ukirudi baada ya muda limenywea na kuacha kishimo katikati, kwa sababu kiyeyushi kimeondoka. Ndivyo linavyopaswa kuwa. Ongeza tabaka jingine jembamba, subiri, ongeza. Ukilijaza mara moja, juu patakauka na chini pabaki laini, na siku utakapolisugua litang'oka lote. Matone ya mwisho ni ya klia, hadi kilima kidogo kipande juu ya rangi ya pembeni.

Sasa liache, angalau wiki moja, zaidi kama hewa ni ya baridi au ya unyevu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa kuvumilia. Likishakomaa, bandika tepu ya karatasi pande mbili za tundu, karibu kabisa na kilima. Kipande kidogo cha msasa namba 2000 kwenye kifutio kigumu kitapita juu ya tepu na kukuta kilima peke yake, na klia ya pembeni itabaki salama. Kilima kikishuka hadi usawa wa tepu, toa tepu, malizia na 2500, 3000, kisha kompaundi na polishi. Ukiweka kidole, usihisi kitu.

Mstari wako wa mlangoni, kama ukucha unakwama lakini bati halijaonekana, unajazwa kwa njia hiyo hiyo, kwa brashi nyembamba kufuata mfereji, bila praima. Nikwambie ukweli wa matokeo: mtu akiinama karibu, akijua pa kuangalia, atauona. Akiwa amesimama hatua chache kutoka mlangoni hatauona, na maji hayatapata njia ya kufika kwenye bati. Kwangu hiyo ni kazi iliyofanikiwa.

Kuhusu makopo ya kupulizia, siyashauri katikati ya mlango. Ukipulizia nusu ya mlango, mpaka wa klia mpya na ya zamani utaonekana daima. Klia ya aina ya 2K, inayochanganywa na kigumishi, ni imara na haiyeyushwi na petroli, lakini kigumishi chake kina isosianeti, ambazo zinaharibu mapafu na zinaweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote hapo. Waachie wenye vifaa vya kupumulia. Na ukiamua kupulizia rangi yoyote wakati hewa ina unyevu mwingi, jiandae kuona weupe kama ukungu, kwa sababu kiyeyushi kinapopotea kinapoza uso na unyevu unatua juu ya rangi mbichi.

Bampa ni plastiki, halishiki kutu, kwa hiyo tundu lake halina haraka. Ila plastiki ikiwa wazi inahitaji praima yake maalumu, vinginevyo rangi inabanduka kama ganda.

Kwa fundi nenda kama kuna bonde, kama rangi imevimba eneo kubwa, au kama klia inabanduka yenyewe vipande vipande. Hizo kompaundi haiziwezi. Nta nayo usiipake juu ya rangi mpya kwa mwezi mzima hivi, iachie nafasi ya kupumua viyeyushi vilivyobaki.

Weka picha mbili za mlango, moja ukiwa mkavu na nyingine umelowa, tochi ikipiga kwa pembe, na useme ukucha unakwama sehemu zipi. Boneti usisubiri majibu, ianze wikendi hii kwa kusafisha na kuziba.